Mlango Uliosema Hakuna Mtu

Milango ya makimbilio yote ya jiji la Chumvini ilifunguka kwa mpigo mmoja, ikakaa wazi kidogo, kisha ikajifunga. Hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Aliyeifungua ni Hakiki, akili unde ya ukaguzi, ambaye hakuwa na mwili wowote zaidi ya sauti ya upole iliyotoka darini mwa ukumbi wa Mamlaka ya Makimbilio. "Milango yote ni mizima," alisema. Wakuu wa idara wakapiga makofi, na mhudumu akaanza kugawa sambusa.

Bi Mwanaidi Mughwai hakupiga makofi. Yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi mkuu wa ndani, na bila muhuri wake hakuna kimbilio lililoruhusiwa kutumika. Na joto la Chumvini miaka hiyo halikuwa la mchezo, jamani! Likija wimbi lake, mbuzi anakufa kasimama, na mtu asiyeshuka mapema chini ya ardhi, kwenye makimbilio yaliyopozwa kwa betri za chumvi, hana maisha. Wimbi lilitarajiwa kesho kutwa.

"Hakiki," aliita, "umejuaje kwamba milango imefunguka?"

"Milango imeniambia."

"Na milango ilifundishwa na nani kusema?"

"Na mimi."

Mkuu mmoja wa idara akacheka, akajikuta amecheka peke yake.

"Basi mpishi ameonja chakula chake mwenyewe, akasema kitamu," alisema Mwanaidi, akichukua mkoba wake. "Acha na mimi nikaonje."

Mhandisi Lazaro Kingu, mkurugenzi mkuu, alimkimbilia koridoni. Hakuwa mtu mbaya. Makimbilio yale aliyachimba kwa jasho lake, akalala humo mahandakini na mafundi wake, na sasa alitaka kuyaona yakifanya kazi. "Dada Mwanaidi, ukaguzi wa kwenda kwa miguu ni wa enzi za bibi zetu. Hakiki anamaliza milango yote kabla wewe hujavaa kandambili."

"Ndiyo maana nimevaa viatu," alijibu, na wala hakusimama.

Kingu akaona bora waongozane. Mwanaidi alichagua Mtaa wa Wakwanguaji, ule wa watu waliozeekea kwenye kukwangua chumvi ya ziwa, ile ile inayotengenezewa betri. Aliweka kiganja chake kwenye kisoma-viganja cha mlango wa kimbilio. Taa ikawaka kijani. "Karibu, Mwanaidi Mughwai," mlango ukasema, na ubaridi mtamu ukawapiga usoni.

"Umeridhika?" Kingu alitandaza mikono.

Mkaguzi mchanga angeridhika, akarudi ofisini kula sambusa. Lakini Mwanaidi alikuwa amefundishwa, tena kwa kukaripiwa, kwamba kinga haijaribiwi na mtu ambaye haimhitaji. Hujaribiwa na yule ambaye ikishindwa ataumia yeye. Kiganja chake kilikuwa cha kushika kikombe na kubonyeza vitufe, aina ile ile ya viganja ambavyo Hakiki alijifunzia. Akapiga hodi nyumba hadi nyumba, akawaomba wenyeji watoke.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Mzee Ntandu, mrefu, mwenye kofia ya ukili, mkwanguaji tangu ujana wake. Akaweka kiganja. Taa ikawa nyekundu.

"Hakuna mtu hapa," mlango ukasema kwa adabu.

"Hakuna mtu?" Mzee akawageukia wenzake. "Mimi ni nani sasa, gunia?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Akaja bibi mmoja, akapangusa mkono kwenye khanga, akauweka. "Hakuna mtu hapa." Wakacheka tena, safari hii kidogo. Akaja mwingine, na mwingine. Foleni ilipofika katikati hakuna aliyekuwa akicheka. Alama za viganja vyao zilichukuliwa kwenye vitambulisho vya ujanani, na tangu hapo chumvi ilikuwa imeila mistari yote, ikabaki ngozi laini isiyosomeka.

Mwanaidi alijitenga na foleni. Akatoa simu. "Hakiki, leo mlango wa mtaa huu umemkataa mtu yeyote?"

"Hapana. Kila mtu aliyefika amefunguliwa."

Wala hakuwa akidanganya. Kwake yeye, asiye na mistari si mtu, na asiye mtu hawezi kuhesabiwa kwamba amekataliwa. Kwa hesabu hiyo mlango ungeweza kufungia nje mtaa mzima na taarifa ikasomeka safi.

Kingu alimvuta kando. Uso ulikuwa umemshuka. "Sikiliza. Weka muhuri leo, wimbi likipita tutarekebisha. Usipoweka, kwa sheria milango yote inabaki imefungwa, na jiji zima linaungua. Utaubeba mzigo huo?"

Swali lilikuwa la kweli, na lilimuuma. Angeweka muhuri, wazee hawa wangefia mlangoni. Asingeweka, wangekufa wote.

"Halafu mkataba wako unakaribia kwisha," Kingu aliongeza bila kumtazama.

"Mkataba wangu unasainiwa na Kamati ya Ukaguzi, Mhandisi. Wewe unanipa ofisi na chai tu." Akampigia mwenyekiti wa kamati, Jaji Hango, akaiweka simu kwenye spika ili Kingu asikie kila neno. "Shikamoo, Jaji."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

Akaeleza alichokiona, bila kukuza wala kupunguza. Kisha akasema, "Milango hii siipigii muhuri. Nitayapigia muhuri makimbilio yasiyo na milango. Ing'olewe, yatundikwe mapazia mazito ya plastiki, kama yale ya chumba cha baridi cha bucha."

"Bucha?" Kingu aliruka. "Watu wa mitaa mingine watajiingilia tu!"

"Waingie."

"Mhandisi," Jaji aliuliza, "bila milango, baridi itatosha?"

Kingu alipiga hesabu kichwani. Kabla ya kuwa mkurugenzi alikuwa mhandisi, na hesabu ile hakuweza kuidanganya. "Itatosha," alisema mwishowe. "Tutabanana, lakini itatosha."

"Basi ng'oeni."

Mafundi walifika na misumeno ya mwanga. Wenyeji wakarudi majumbani kufungasha, ila Mzee Ntandu alibaki, akitazama cheche.

"Mwanangu," alimwambia Mwanaidi, "mlango huu umeanza lini kusema vile?"

"Tangu majaribio ya mwaka jana, mzee. Majaribio hayakuhitaji muhuri wangu. Mtaa wenu ndio ulikuwa wa kwanza."

Mzee akaketi kwenye ngazi polepole. "Mke wangu Tausi walimkuta amelala hapa, siku ya wimbi. Mimi nilikuwa nimelazwa hospitali. Wakaniambia alichelewa, alikuta mafundi wa majaribio wameshawaingiza wenzetu na kufunga." Alivua kofia. "Nikamkasirikia. Hata kaburini nilimuuliza, Tausi, wewe uliyekuwa unawahi kila mahali, siku hiyo ulikuwa wapi?"

Mwanaidi alitamani kumfariji papo hapo. Lakini hakutaka kumpa mzee neno ambalo hakulihakiki. Akainua simu. "Hakiki, siku ya wimbi la mwaka jana, mlango huu ulisema hakuna mtu?"

"Ndiyo. Ulianza kabla ya adhuhuri, ukarudia tena na tena mpaka jioni. Kisha haukuguswa tena."

"Na wimbi lenyewe lilifika lini?"

"Alasiri."

Mzee Ntandu alifunika uso kwa viganja vyake vyote viwili, akalia kwa sauti. Kingu alikuwa amesimama nyuma yao. Alikuwa amesikia yote.

Jioni, mapazia yakiwa yametundikwa, Kingu alikuja ofisini kwa Mwanaidi na kuisoma rasimu ya ripoti. Hakuwa na ukali tena. "Ripoti zetu haziandiki majina ya watu," alisema taratibu. "Kwa kawaida tunaandika 'tukio moja'."

"Mlango ulisema hakuna mtu. Nikiandika 'tukio', nitakuwa nimesema nini tofauti?"

Kingu akavuta kiti, akaketi, akamsukumia rasimu yake. "Andika."

Mwanaidi akaandika, mstari wa kwanza kabisa, juu ya muhuri: Tausi Ntandu, mkwanguaji wa chumvi, alifika kwa wakati.