Saini ya Mama Aliyelala

Saa ya kuona wagonjwa, mlango wa wodi ya wazazi hauna mwenyewe. Mashangazi na chupa zao za chai, baba wapya wametoa macho, kila mtu anadai yeye ndiye wa kwanza. Katika msukumano huo mtafiti mmoja, gauni la kijani chini ya koti jeupe la maabara, alibanwa ubavuni, kasha lake la barafu likamponyoka. Mkunga wa kiume akalidaka kabla halijagusa sakafu.

"Dada, umebeba samaki?"

"Nimekuja kuchukua vitovu."

Akaangua kicheko. "Mimi navitupa kila siku! Vya nini, mtoto wa watu?"

Alimweleza palepale, huku watu wakiwasukuma. Ndani ya kitovu mna mshipa, na ukuta wa mshipa una seli zilizobanana kama vigae. Yeye huzikuza kwenye sahani, kisha huzimwagia protini wanayotoa bakteria wa homa ya uzazi. Protini hiyo huvifungua vigae, maji ya damu yakavuja, mwili ukapiga mayowe, na askari wake wa kinga wakaja mbio kubomoa nyumba waliyoitwa kuilinda.

Mkunga hakucheka tena. "Miaka saba najiuliza. Dawa imeua wadudu, vipimo vinasema hamna kitu, mbona mama bado anavimba?"

"Wadudu wamekufa, sumu yao imebaki."

"Sasa ulikuwa wapi siku zote hizo?"

Mapenzi yakaanzia hapo, na wauguzi wakambandika jina Mama Vitovu. Kila kitovu alicholetewa na mkunga kilikuja na fomu ya ridhaa yenye saini ya mzazi. Na kila jioni simu ililia.

"Umekula, Mama Vitovu?"

"Seli zangu zimekula. Mimi bado."

"Naanza kuzionea wivu hizo seli."

Baada ya miezi minne mtafiti alipata alichokuwa akikitafuta. Dawa aliyoijaribu iliikaba ile protini, na vigae havikuachana. Mkuu wa maabara akampigia makofi mbele ya wenzake. Lakini alipokuwa akipanga fomu ili aandike ripoti, aliona saini ya mzazi mmoja ina mkia mrefu uliopinda. Mkia huo aliujua, ulikuwa kwenye kila kijikaratasi cha mahaba alichoandikiwa na mkunga wake. Akampigia simu.

"Hii saini ni ya nani?"

"Mama alikuwa amelala, katoka kupasuliwa. Na wewe ulisema bila kitovu siku ile kazi yako inaharibika. Nilifanya kwa ajili yako, mpenzi."

"Kwa ajili yangu ungeniambia hakuna! Umemwibia mgonjwa wako, ukaniletea mimi zawadi."

"Ni kitu cha kutupwa tu!"

"Ni cha kwake. Usinipigie tena."

Matokeo yale yote yalitoka kwenye kitovu hicho. Alipomweleza mkuu wa maabara, huyo akafunga mlango. "Nani atajua?"

"Mimi najua. Mwenyewe hajui, na hilo ndilo tatizo."

"Ukiyafuta hayo, hufai kwa sayansi."

"Basi nisifae nikiwa safi." Akazimwagia sahani dawa ya kuua vijidudu, moja baada ya nyingine, huku mkuu akitazama. Kisha akaenda kulia chooni. Alimpenda yule mwanamume bado, hata chembe haikupungua, na hasira haikusaidia kitu.

Wiki tatu baadaye simu ililia. Aliiacha ilie, ikalia tena.

"Usikate. Nimeandika barua kwa matroni, nimesema kila kitu. Nimeondolewa wodini miezi sita, naosha vyombo vya upasuaji."

"Na mama wa watu?"

"Nilimwendea kwao. Alinitukana mbele ya mumewe, nikanyamaza. Halafu akasema, 'Ungeniuliza ningekupa.' Hilo ndilo limenimaliza."

Mtafiti alishuka ngazi mbilimbili. Chumba cha kuchemshia vyombo kilijaa mvuke, na mkunga alisimama katikati yake na aproni ya plastiki, jasho likimchuruzika, mikasi mikononi.

"Nimekuja kukuposa," akamwambia.

"Mwanamke anaposa?"

"Huyu anaposa."

"Sina hata wodi sasa, mpenzi. Watu watasema umeokota mwosha mikasi."

"Waseme mpaka midomo ichoke. Nataka mwanamume anayeweza kwenda kutukanwa kwa kosa lake. Jibu."

"Ndiyo," akasema, na mikasi ikamponyoka. "Ndiyo, mama. Ndiyo!"

Matroni alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Nyinyi mnaoana au mnafanya kazi?"

"Vyote viwili," mtafiti akajibu, wala hakuuachia mkono wa mtu wake.