Kikao Kilichosusiwa

Zahanati yetu haikuwa na sindano ya kuzuia damu ya uzazi, na hela ya kuinunua ilikuwa benki. Ndugu zangu, msikimbilie kuilaumu serikali. Fedha ilishuka, na ile ya bima tuliyochangia ilikuwemo. Kilichokosekana ni kikao cha kamati, maana bila muhtasari uliosainiwa muuguzi hawezi kununua hata pamba.

Wajumbe tuko saba. Tulipomchagua Vicent, wa miaka thelathini na miwili, awe mwenyekiti, mzee Machage alicheka.

"Huyu? Juzi tu nilikula nyama kwenye sherehe ya tohara yake. Leo aniite kikao?"

"Shikamoo, mzee. Si mimi ninayekuita, ni zahanati. Dawa zinaisha."

"Marahaba. Basi dawa zenyewe zije zinisalimie!"

Tukacheka. Sisi watu wazima watatu tukamfuata Machage, na mimi nimo. Wakabaki watatu. Akidi haikutimia, miezi minne. Muuguzi Sarah alizunguka na barua za kikao nyumba kwa nyumba. Mimi nilimwambia niko na ng'ombe.

Asubuhi moja, akina mama wakipima watoto uzito, Nice, mkwe wa Machage, alijifungua salama. Mtoto wa kike, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza kutoka, ikakataa kukoma.

"Sindano iko wapi?" Machage, aliyekuja kumwona mjukuu, akafoka.

"Mzee, nilikuletea barua mara tatu."

"Lete hiyo karatasi nisaini!"

"Ukisaini leo, dawa inafika wiki ijayo."

Sarah alimkandamiza Nice tumbo kwa mikono yake mpaka gari la wagonjwa likaja. Walipofika hospitalini Nkende, Nice alikuwa ameshakata roho.

FUNZO

Wizara, bohari ya dawa, wilaya, bima, vyote hivyo vinaishia kwenye meza ya watu saba kijijini. Ukichaguliwa, nenda kikaoni. Hutaki, jiuzulu, usikalie kiti. Marika tuyaache kwenye sherehe za tohara. Na wewe mwananchi, dai muhtasari ubandikwe ukutani uusome.

Tulichookoa ni heshima ya wanaume wanne. Tulicholipa ni hiki: vikao vinne, mama mmoja wa miaka ishirini na mitatu, na mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko.