Mikono Miwili ya Alcide

Ukumbi wa mapokezi wa hoteli ile ya mji wa Mobile, kusini mwa Marekani, ulijaa wanaume wenye madaftari. Kila Januari maskauti, wasaka wachezaji wa timu za futiboli ya Kimarekani, hufika kuwakagua vijana wanaomaliza chuo, na kila Januari Verlene Odom hupenya katikati yao akipeleka magauni ya kanivali kwa wateja. Asubuhi hiyo alibeba manne kwa mpigo, hakuona mbele, akagonga kitu alichodhani ni nguzo.

"Pole, mrembo," nguzo ikasema. "Umeumia?"

"Niache mimi. Lipe pole gauni la watu, umelikunja."

"Kumbe wewe fundi?"

"Hapana, mwizi wa magauni."

Kijana akacheka mpaka maskauti wawili wakageuka. Aliitwa Alcide Fontenot, wa Opelousas, Louisiana, pauni mia tatu na kumi ndani ya shati la bluu lililombana shingo. Uwanjani kazi yake ilikuwa kusimama pembeni na kuwazuia wapinzani wasimfikie mrusha mpira. Mwanamume mkubwa mwenye sauti ndogo. Verlene alipenda hapo hapo, ingawa alijifanya anakung'uta gauni.

"Nishonee suti, fundi. Aprili timu zinaita majina ya wachezaji wapya. Jina langu likiitwa nataka nisimame nimependeza, Mama apate cha kulilia."

Jioni akaenda dukani kwa Verlene. Verlene akapanda kigoda ndipo akayafikia mabega yake. Akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, kisha akarudia wa kulia.

"Huu mfupi," alisema. "Robo tatu ya inchi."

Kicheko cha Alcide kikafa. Akavuta mkono wa shati ukafunika kiganja, kama alivyozoea tangu utoto.

"Nilianguka kutoka kwenye trela la viazi vitamu nikiwa na miaka tisa. Kiwiko kikaunga vibaya. Mama aliniambia nisimwambie mtu, na chuoni hawajui. Sasa wewe unajua."

"Basi nimeshasahau, baba," Verlene alisema, na tepu ya kupimia bado iko juu ya mkono wa yule kijana.

Juma zima hawakuachana. Hoteli iko ng'ambo ya barabara kutoka dukani, lakini Alcide alipiga simu kama aliye nchi ya mbali.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Nimekula kuku wawili. Nakukumbuka, laazizi."

"Unanikumbuka na mafuta ya kuku midomoni! Chungulia dirishani, nakuona."

Siku ya vipimo ikafika. Vijana walipandishwa jukwaani mmoja mmoja wakiwa na kaptura tu, mbele ya viti mia tatu, na sauti ikatangaza urefu, uzito, kiganja, mkono. Ukiniuliza mimi, ni aibu watu wazima kukaa hivyo asubuhi kumkodolea macho mtoto wa mwenzao, lakini hawakuniuliza. Walimpima Alcide mkono mmoja tu, wa kulia. Inchi thelathini na mbili na nusu. Kalamu zikainama. Mlinzi wa pembeni asiyefikisha thelathini na tatu, kwao ni mlango usiofika kizingiti.

Mchana huohuo skauti mzee aitwaye Hascall alikwenda kwa Verlene kuongezewa kiuno cha suruali. Akatikisa kichwa. "Yule Fontenot mzuri sana. Tatizo mkono, thelathini na mbili na nusu."

Mdomo huponza kichwa, na wa Verlene ulikiponza kichwa cha mwenzake. Fundi hupima mikono yote miwili. Hakuwaza kwamba watu wa upande ule, wanaoridhika na mmoja, wangetaka kujua kwa nini mikono haitoshani.

"Mmepima ule mdogo," alisema kwa furaha. "Mpimeni wa kushoto! Thelathini na tatu na robo."

Hascall akatoa daftari.

Mwezi uliofuata, kwenye ukaguzi mwingine mjini Indianapolis, madaktari wa timu waliukunja na kuukunjua mkono wa kulia wa Alcide siku nzima. Wakapiga eksirei, wakauona mfupa. Jina lake likaanza kuteremka kwenye orodha. Alipompigia Verlene, hakuanza na laazizi.

"Nani aliwaambia kuhusu mkono wangu wa kushoto?"

Cherehani ikanyamaza. "Mimi."

"Nilikwambia wewe tu, Verlene."

"Mfupa sikuutaja! Nilitaja inchi tu, nilitaka wajue una mkono unaofika!"

"Kwa hawa watu inchi ndiyo mfupa."

Akakata simu. Verlene alipiga mara nyingi, haikupokelewa. Alilia akishona, na suti akaimaliza hivyohivyo.

Aprili ikafika. Timu huita majina kwa siku tatu. Ya kwanza Alcide hakuitwa, wala ya pili. Siku ya tatu, Jumamosi, Verlene alitundika suti ya kijivu nyuma ya gari akaendesha hadi Opelousas. Alikuta ua umejaa ndugu, sufuria kubwa ya kamba wa mtoni imepoa, na runinga inataja jina la mwisho. Halikuwa la Alcide. Mama yake akaingia ndani akafunga mlango.

Alcide alimwona Verlene getini.

"Umekuja kupima nini tena?"

"Sikuja kupima. Nimekuja kukuomba msamaha, na kukupa nguo yako. Ukitaka niondoke, nitaondoka."

Alimsogelea. Kisha akachukua koti akalivaa pale pale uani, juu ya fulana. Akanyoosha mikono. Mikono yote miwili ya koti ikaishia kwenye vifundo, sawasawa, hakuna uliomeza kiganja. Picha zote za nyumba ile zilimwonyesha na kiganja kimoja tu, cha kulia kimefichwa na nguo.

"Umeufupisha wa kulia," alisema taratibu.

"Nimeushona ulivyo."

Simu yake ikalia. Timu huwa zinawatafuta walioachwa mara tu majina yakiisha. Alcide akasikiliza, na ndugu wote wakaacha kutafuna.

"Ndiyo, bwana. Thelathini na mbili na nusu. Ulivunjika nikiwa na miaka tisa, nilikuwa naficha." Akautazama mkono. "Siufichi tena. Mnanitaka hivyo?"

Akaibana simu sikioni. "Sawa, bwana. Nitafika."

Akashusha simu. "Watanijaribu nafasi ya ndani, huko mkono mfupi si tatizo sana. Hakuna ahadi. Naweza kurudishwa nyumbani kabla msimu haujaanza Septemba."

"Hongera, Alcide."

"Usinipe hongera, bado nina hasira nawe." Macho yalikuwa yamelowa. "Nikirudishwa, nitakuwa mtu wa pauni mia tatu asiye na kazi, na mkono mmoja mfupi. Nawe hukuniuliza kabla ya kusema."

"Sikukuuliza. Nilikosa."

"Basi mimi nakuuliza." Akamnyooshea mkono, wa kulia. "Utanitaka hivyo?"

Verlene akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Niliujua kabla yao," alisema. "Nakutaka."