Sanamu ya Darasuram

"Usimguse," alisema Lusajo, mkuu wake, sikioni. "Mfuate tu."

Haika Mariki alivuta mafuta, pikipiki yake ya BMW ikapenya kati ya mabasi mawili ya ghorofa. Mbele, Volkswagen nyeupe ilikata kona kuingia Woolwich, mashariki mwa London.

Saa nne asubuhi. Soko limefurika.

Dereva wa gari lile alikuwa Hillary Croft, Mwingereza aliyekulia Arusha. Kampuni yake ilipeleka watalii kwenye mahekalu ya wafalme wa Chola, kusini mwa India. Sanamu kubwa za wizi alizipitisha Dar es Salaam kwa vibali bandia. Ndogo alizificha kwenye masanduku ya wateja wake.

Idara ya upelelezi ilikuwa imemtuma Haika huko kama mtalii. Siku tisa: Thanjavur, Gangaikondacholapuram, Darasuram. Kwenye basi alikaa na Placida, nesi Mtanzania aliyeishi Lewisham, London. Pale Darasuram, Placida alipapasa gurudumu la jiwe lililochongwa ukutani mwa hekalu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, waliochonga hili walikuwa na mikono kweli," alisema.

Kesho yake, hotelini, Haika alimwona Hillary akifunga zipu ya sanduku la Placida.

"Nyamaza," Lusajo aliamuru kwa simu. "Tunamtaka mnunuzi."

Akanyamaza. Kwenye uwanja wa ndege wa Chennai, polisi walimkuta Placida na sanamu ya shaba ya mungu wa kike kutoka Darasuram. Alikuwa mahabusu huko India wiki ya saba sasa.

Volkswagen ikaingia kwenye ghala nyuma ya soko.

"Mnunuzi hajafika. Subiri," alisema Lusajo tena.

"Nimesubiri vya kutosha, mkuu."

Akang'oa kifaa cha mawasiliano sikioni, akaacha pikipiki, akaingia ghalani.

Mlinzi alipeleka mkono kiunoni. Kiwiko cha Haika kilimfikia kwanza. Akaanguka.

Bastola ya Haika, Glock, ikatua kwenye paji la uso la Hillary.

"Dada, tuongee," alisema Hillary kwa Kiswahili safi.

"Mimi si dada yako. Kwa nini Placida?"

Kamera kwenye kifungo cha koti la Haika ilikuwa inarekodi.

"Mzee, mweusi, yuko peke yake." Hillary aliinua mikono. "Niliiweka kwake kwa sababu hakuna ambaye angemuulizia."

Kidole cha Haika kilibana. Alitaka kufyatua. Alitaka sana.

"Rudia. Taja jina lake kamili."

Akalitaja.

Rekodi, pamoja na maelezo ya Haika kuhusu alichoona hotelini, ilikwenda kwa Kokila, wakili wa Placida kule Chennai, na kwa polisi. Simu ya Hillary ilikuwa na jina la mnunuzi; polisi walimkamata mtaa wa Stratford kabla ya saa sita mchana. Kwenye ghala walikuta sanamu kumi na moja.

Siku tano baadaye Placida alitoka mlango wa wanaowasili, uwanja wa ndege wa Heathrow, ambako Haika alimngoja, nguo zikimpwaya.

"Kokila kaniambia ulimwona Hillary na sanduku langu," alisema.

"Nilimwona, mama."

"Ukanyamaza."

"Niliamriwa."

Placida alimtazama usoni.

"Nimehudumia wagonjwa miaka thelathini. Daktari akiniamuru vibaya, nilikuwa nakataa." Akajifunga mtandio. "Usinipeleke nyumbani. Treni naijua."

Akaondoka bila kugeuka.

Simu iliita. Lusajo.

"Kazi nzuri. Kuna nyingine, Jumatatu."

"Mtafute mwingine," alisema Haika, akazima, akatoka nje.