Sauti Ndani ya Banda la Njiwa

Njiwa wa Matheka walinyamaza wote kwa mpigo. Alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake pale Kaloleni, mahindi kiganjani, jua la jioni likiwa bado juu ya mabati, na ndege ambao kila siku humrukia mabegani walikuwa wamejibana kwenye kona moja ya banda. Kisha simu ikatetema.

"Kaka, kumbe ndivyo unavyotuona?" Clare alikuwa ameandika. "Sawa tu."

Alifungua kundi lao la WhatsApp, kundi la wafugaji wa njiwa, akakuta ujumbe wa sauti uliotoka kwenye namba yake.

"Msije kwangu Jumamosi," ilisema sauti, nayo ilikuwa yake kabisa, hata kile kikohozi chake. "Mmenichosha. Njiwa wenyewe nimewachinja."

Matheka aliwatazama njiwa wake, wazima wote. Hakuwa amerekodi kitu.

Alikuwa dereva wa ofisi moja mjini, mtu wa maneno machache, na majirani walimcheka kwa mapenzi yake ya ndege. Marafiki aliwapata humo kundini. Ndege wake walipoingiwa na ugonjwa wa kupinda shingo, Masinde, mwalimu wa Webuye ambaye hakuwa amewahi kumtia machoni, alikaa naye kwenye simu mpaka kila ndege akanyweshwa dawa. Matheka alipolia kwa waliokufa, Masinde hakucheka. Clare wa Nakuru naye alikuwa akimpigia Mutheu, mke wa Matheka, kila siku alipolazwa hospitalini. Jumamosi hiyo ndiyo wangeonana kwa mara ya kwanza.

Akarekodi kuomba radhi. Alipousikiliza ujumbe, ulikuwa matusi. Akarudia polepole, neno kwa neno. Safari hii ukamtukana marehemu mama yake Clare. Akaufuta kwa kuchelewa, Clare alikuwa ameshausikia. Akaamua kuandika.

"Maandishi yako yanaomba msamaha, mdomo wako unatukana," Clare akajibu. "Nishike lipi?"

Matheka aliipiga ngumi meza. Akampigia Clare, simu ikapokelewa, na kabla hajafungua mdomo akasikia sauti yake mwenyewe ikianza kuzungumza, laini, yenye kicheko ndani yake, huku midomo yake imefungwa, na harufu ya manyoya yaliyoungua ikiingia kutoka uani na kujaa sebule nzima, mpaka Mutheu akatoka jikoni kuuliza kinachoungua, akamwona mumewe kimya na simu sikioni, na sauti ya mumewe ikisikika nje, bandani, ikisema maneno yale yale.

"Baba Muoki," Mutheu alimnong'oneza mumewe, "nani huyo?"

Asubuhi Mutheu alimleta Mama Anyango, jirani yao aliyejulikana kwa maombi. Mama huyo alilizunguka banda, akanusa, akarudi akijifuta jasho.

"Hilo ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Linakula sauti ya mtu. Likimaliza watu wake, linammaliza mwenyewe. Usiseme neno mpaka Jumamosi, nitakuja kuomba. Na yeyote atakayelisikia, asilijibu. Ukilijibu, umelikabidhi sauti yako."

"Wageni hawaji tena," Mutheu alisema. Mumewe akainamisha kichwa.

Siku zile zilimchoma. Kazini alionyesha koo, wakadhani anaumwa. Kundini, watu walijitoa mmoja baada ya mwingine, naye akawatazama wakiondoka bila la kufanya. Nyuma ya nyumba, sauti yake iliimba.

Jumamosi mlango ukabishwa. Mwanamume mrefu mwenye mfuko wa mtama alikuwa amesimama na mwanamke mwenye macho mekundu.

"Niaje, ndugu yangu," alisema Masinde. "Nilimwambia Clare, yule aliyelia kwa ajili ya njiwa hawezi kuwachinja. Nikamwambia twende tukajionee."

Matheka alimkumbatia bila neno. Mutheu akawaeleza kila kitu, pamoja na onyo. Clare alimshika Matheka mkono, asiuachie.

Walisimama wote mbele ya banda, Mama Anyango akaanza kuomba, na pale pale sauti ya Matheka ikawaita kutoka gizani nyuma ya viota, ikiwataja kwa majina, ikimwambia Clare kwamba mama yake alikufa akimlaani, ikicheka, ikikohoa kile kikohozi, huku Matheka mwenyewe akiwa mbele yao machozi yakimtiririka na mdomo umefungwa, ndege wakijipiga kwenye waya, hata Masinde akashindwa kujizuia.

"Mwache ndugu yetu!" alifoka.

Kimya. Harufu ikakatika kama imezibwa na mkono. Njiwa mmoja akalia, kisha wengine.

"Mutheu," Matheka alisema, na ilikuwa sauti yake, ikitoka kinywani mwake. Mkewe akaangua kilio cha furaha. Mama Anyango peke yake hakufurahi. Alikuwa akimtazama Masinde.

Walikula, wakacheka, wakazungumza kuhusu ndege kana kwamba wamelelewa pamoja. Masinde alikuwa na mandazi mdomoni, akimsikiliza Clare, simu yake Clare ilipotetema mezani. Ujumbe wa sauti. Aliubonyeza bila kutazama jina.

"Clare," ilisema sauti nzito ya Masinde, kwa upole, "mimi sikuwahi kukupenda hata kidogo."

Masinde aliacha kutafuna. Akafungua mdomo kukana, hakikutoka kitu.