Matairi Yanayotaka Kushikwa

Kaa-fundi alishuka kutoka darini mwa karakana kwa kamba yake ya chuma, akatua sakafuni bila kishindo, kisha akajipenyeza chini ya nyumba-tela ya Mhandisi Nyamizi Kasele. Alikuwa roboti mpana kama meza ya kulia chakula, mwenye miguu minane, na tumboni alibeba jicho-sauti, kifaa kinachopiga mawimbi ndani ya mpira na kusikiliza jinsi yanavyorudi. Kazi ambayo zamani ingemchukua fundi asubuhi nzima, kaa aliimaliza kabla chai ya Nyamizi haijapoa.

"Matairi yote manne yamekufa," kaa alisema kwa upole.

Gwakisa, mume wa Nyamizi, mwalimu wa muziki aliyestaafu, aliinama kutazama. Meno ya matairi yalikuwa marefu bado. Hakuna hata moja lililokuwa kipara. Kaa akawaeleza kwamba tairi la tela halifi kwa kulika, linakufa kwa uzee. Nyumba-tela yao ilikuwa imesimama uani Dodoma miaka mingi, jua likiyachoma upande mmoja na uzito wote ukiyakalia mahali pamoja. Nje yalionekana mapya, lakini ndani nyuzi zilikuwa zimeachana na mpira.

Kisha kaa akaipima nyumba-tela uzito ikiwa na kila kitu, hata maji ya tangi. Ilizidi. Mke akamtazama mume, mume akamtazama mke. Vitabu na mashine vilikuwa vya Nyamizi. Kinanda kikubwa cha mbao kilikuwa cha Gwakisa. Hakuna aliyekubali kupunguza chake, kwa hiyo ikabidi watafute matairi yenye uwezo mkubwa zaidi wa kubeba. Kaa aliwaonya wasidanganyike na ya magari madogo, hata kama yangeingia kwenye ringi. Ubavu wake ni laini, na tela likivutwa kwa kasi lingeanza kuyumba.

Walibakiwa na aina mbili. Ya kwanza ilikuwa mpira-hai, tairi lenye utomvu unaoziba tundu lolote, linalojijaza upepo na kujikinga na jua. Ya pili ilikuwa matairi ya kawaida, meusi na mazito, yasiyojifanyia chochote.

Nyamizi hakuona cha kujadili. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amebuni nyumba-jihudumu, zile nyumba zinazopika, kufagia na kumwagilia bustani zenyewe, na mtaa wao mzima ulikuwa kazi ya mkono wake. Alishaanza kumwagiza kaa alete mpira-hai pale Gwakisa alipoweka kiganja juu ya rundo la matairi ya kawaida.

"Haya ndiyo ninayoyataka, Mama Tusa," alimwambia mkewe.

Nyamizi alishangaa. Tangu Gwakisa astaafu, jibu lake kwa kila jambo lilikuwa "sawa tu". Alikuwa akikaa kibarazani kutwa, kinanda kimefunikwa kitambaa. Safari hii ya kuizunguka nchi ilikuwa wazo la Nyamizi, akitumaini itamchangamsha. Na sasa, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mumewe alikuwa anataka kitu. Kwa sababu hiyo tu, Nyamizi akamwagiza kaa ayafunge hayo.

Wakaondoka Dodoma, gari-jiongozi likiwavuta kuelekea Iringa. Gwakisa alianza kuamka kabla ya jua. Alipima upepo kwa geji matairi yakiwa bado baridi, kwa kuwa tairi lililopata moto hutoa kipimo cha uongo. Baada ya mwendo wa kwanza alizirudia nati zote kwa spana na kuzikaza. Kila walipoegesha, aliyafunika matairi kwa vitambaa vyeupe. Akayapa hata majina ya sauti za kwaya, Soprano, Alto, Tena na Besi, na akawa anaimba akiwa amelala chini ya tela. Nyamizi alimtania kupitia dirishani kwamba ameoa tena, safari hii wake wanne. Gwakisa alijibu kwamba hawa angalau wanamsikiliza.

Walipoipita Iringa na kufika Ilula, walikaribishwa kwenye harusi ya wasafiri wenzao. Gwakisa alicheza kama kijana, na asubuhi kiuno kikamkatalia kabisa. Akamwomba mkewe ampokee kazi.

Nyamizi alitoka akinung'unika. Kioo cha vipimo ndani ya gari kilikuwa kimeshaonyesha kijani kwa magurudumu yote. Hata hivyo alipima, na upepo ulikuwa sawasawa. Alipotaka kurudi ndani, sauti ikamfuata kutoka kitandani.

"Usiishie kupima. Pitisha kiganja ubavuni, mpaka upande wa ndani."

Akatandika khanga, akalala chini. Soprano alikuwa laini, Tena laini, Alto laini. Kwa Besi, gurudumu la nyuma kushoto, kiganja chake kikakuta uvimbe mkubwa kama nusu ya yai. Alikirudisha kiganja mara kadhaa kuhakikisha.

Jiwe la kando ya barabara lilikuwa limekata nyuzi za ndani bila kutoboa mpira. Upepo haukupungua, joto halikupanda, na vihisi vya gari vilijua mambo hayo mawili tu. Nyamizi alielewa hilo palepale, akiwa bado amelala chini. Mbele yao ulikuwa mteremko wa Kitonga, kona juu ya kona, na bonde lenye kina pembeni. Gari lilimshauri asubiri roboti wa msaada. Hakusubiri. Alitoa jeki, akafunga tairi la akiba mwenyewe, akijichafua mpaka viwikoni, huku Gwakisa akimwelekeza kupitia dirishani jinsi ya kukaza nati kwa kukingamisha, moja kisha ile inayotazamana nayo.

Waliteremka Kitonga polepole. Ruaha Mbuyuni walisimama kuyapumzisha magurudumu, wakanunua nyanya na vitunguu kwa akina mama wa barabarani. Gwakisa akiwa ameegemea mito, Nyamizi alimuuliza swali alilolibeba tangu Dodoma. Kwa nini aliyachagua matairi haya?

Gwakisa alizungusha nyanya moja kiganjani.

"Nyumba uliyonijengea ni nzuri, mke wangu. Lakini ilifika mahali nikaona hata nisipoamka, hakuna kitakachokwama."

Nyamizi akazikumbuka nyumba za mtaa wao, zote safi, na wazee waliokaa vibarazani mikono mapajani, ambao siku zote alidhani wanapumzika. Machozi yalimlengalenga, lakini Gwakisa alimpa nyanya aimenye, akasema hakuwa amesema hivyo ili amlize.

"Kiuno kikipona, usiyachukue yote," Nyamizi alisema. "Niachie ya kushoto."

"Ya kushoto ndiyo yanayokula mawe."

"Nimekwambia niachie."

Gwakisa akacheka mpaka kiuno kikamuuma.

Siku kiuno kilipopona, kabla ya jua kuchomoza, gari-jiongozi lilitangaza kwa sauti yake tulivu kwamba magurudumu yote yako salama na safari inaweza kuanza. Ndani hapakuwa na mtu wa kulisikia. Wote wawili walikuwa nje, wamelala kwenye khanga moja, wakibishana kuhusu nani ashike geji kwanza.