Maji ya Moto kwenye Boti ya Dokta

"Fundi, hayo maji ya moto yako tayari?"

Nilikuwa nimelala chali chini ya sinki la boti, spana mkononi, jasho mpaka kwenye kope. Nikageuza shingo. Nikaona viatu vya safari, begi la magurudumu, na huko juu uso wa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona.

"Dada, boti hii ina mwenyewe," nikamwambia. "Za kukodi ziko upande ule wa gati."

Akacheka. "Mwenyewe namjua. Ni mume wangu."

Ngoja nikueleze, maana hapo ndipo mambo yangu yalipogeuka chini juu. Mimi ni fundi bomba. Mwanamke, ndiyo, na kazi naijua kuliko wengi wanaonicheka. Mwenye boti ni daktari wa meno, kila mtu anamwita Dokta. Tulifahamiana sinki la kliniki yake lilipoziba. Nikamzibulia sinki, yeye akanizibua moyo, na miezi kumi na moja tukawa wapenzi. Siku ya kwanza nilimuuliza kama ana mke, akanijibu macho makavu, "Tuliachana zamani. Yuko ng'ambo, kila mtu na maisha yake." Na mimi na akili zangu zote nikameza.

Kesho yake, Jumapili, alikuwa anakuja kwa mama yangu kujitambulisha. Mama alishafua mapazia. Shangazi zangu wawili walishapewa taarifa, na wakishajua wale wawili, ujue mtaa mzima umejua.

Asubuhi ile alikuwa ameniandikia ujumbe:

"Mpenzi, maliza kazi uondoke kabla ya saa saba, kuna wageni wa kazini wanakuja kutembea na boti. Kesho kwa mama kama tulivyopanga. Nakupenda."

Ilikuwa saa sita na dakika chache. Mgeni wa kazini alikuwa amewahi.

"Yeye anajua nafika saa nane," mke wake akasema, akivua viatu. "Nimepata ndege ya mapema, nikasema nimshtukize. Kliniki wameniambia ametoka, nikajua tu atakuwa huku kwa mke mwenzangu."

"Mke mwenzako?" nikauliza.

"Si hii boti. Ndivyo ninavyoiita." Akaketi juu ya begi lake. "Miaka miwili niko masomoni, fundi. Kabla sijaondoka nilimwambia, boti yako sikanyagi tena mpaka iwe na maji ya moto. Ile shawa ya baridi ilikuwa inanitoa roho. Nilikuwa namtania, mwenzangu. Mwezi uliopita akanitumia picha ya hilo tangi la maji ya moto, akaandika, 'Rudi, mke wangu, sasa huna kisingizio.' Nililia."

Picha ile niliipiga mimi. Nilimtumia Dokta siku nilipofunga tangi, akanijibu, "Bafu letu hilo. Weka kila kitu unavyotaka wewe." Nikaweka. Rafu ya sabuni usawa wa mkono wangu, kiti cha kukunja kwa sababu mgongo hunisumbua nikitoka kazini, kioo kidogo cha kujitazama. Nilijiona najenga nyumba yangu humo, mjinga mimi.

"Umefanya kazi safi," akasema, akichungulia ndani ya bafu. "Nina safari ya saa kumi na nne mwilini. Naoga sasa hivi, akija anikute nanukia."

Akaingia, akafunga mlango.

Sasa elewa kitu kimoja. Maji ya boti ile yanapashwa na injini. Maji yanayopoza injini hupita kwenye koili, bomba lililojiviringisha ndani ya tangi, na injini ikizunguka saa moja, tangi linakaribia kuchemka. Ndiyo maana hufungwa vali ya kuchanganya, inayoingiza maji baridi kabla hayajamfikia mtu. Vali yenyewe ilikuwa imechelewa dukani. Ilikuwa bado kwenye boksi lake, pembeni ya goti langu, na injini nilikuwa nimeiwasha tangu asubuhi kujaribu viungio.

Nilikaa kimya. Sitakudanganya. Nikasikia mkono wake ukipapasa ukutani kutafuta koki, na ndani yangu kitu kikasema muache. Muache aungue kama unavyoungua wewe. Nikahesabu moja, mbili. Halafu nikajiogopa.

"Dada, usifungulie maji."

"Kwa nini?"

"Yanaunguza. Kuna vali bado sijaifunga."

"Nitafungulia kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho kilichoniunguza mimi."

Mlango ukafunguka. Alikuwa amejifunga taulo, nywele kazibana juu.

"Pole. Kilikuunguza wapi?"

Ningesema mkono, yangeisha. Fundi kuungua mkono ni jambo la kila siku. Mpaka leo sijui kama ulimi uliteleza au niliamua mwenyewe.

"Begani," nikasema.

Akanitazama. Akaitazama shawa, akanitazama tena.

"Fundi anajaribu maji kwa bega?"

Nikarudi kukaza nati niliyokwisha kuikaza.

"Lini?"

"Jumapili iliyopita."

Akafungua mdomo kuuliza lingine, na hapo miguu ikasikika juu ya sitaha, ikaja sauti ninayoijua hata nikiwa usingizini:

"Mpenzi, bado upo? Saa saba inakaribia, si nilikuandikia uondoke?"

Dokta akashuka ngazi na mataulo mapya mikononi, bado yako kwenye nailoni. Akatuona. Mataulo yakamponyoka.

"Mpenzi yupi, mume wangu?" mke wake akauliza kwa upole kabisa.

"Umefika... Huyu, huyu ni fundi."

"Najua ni fundi, kazi yake nimeiona. Nimeuliza mpenzi yupi."

"Mimi huwa naita watu wote mpenzi. Hata wagonjwa wangu."

"Ukiwa unawang'oa meno?"

Dokta akanigeukia mimi. Macho yalikuwa yananiomba, macho yaleyale yaliyonilainisha miezi kumi na moja. "Fundi, mwambie. Mwambie wewe ni fundi tu."

Nilikuwa na swali moja tu duniani, nikaliuliza hapohapo, mbele ya mke wake.

"Dokta, kesho unakuja kwa mama, au huji?"

Akamtazama mke wake.

"Mama gani?" akasema.

Mama gani. Mama aliyempikia uji alipougua, nikampelekea kwenye chupa. Mama ambaye Dokta mwenyewe alimpigia simu kila Ijumaa na kumwita mama. Nilihisi kitu kimekatika ndani ya kifua, na sikulia, kwa sababu maumivu mengine hayana hata nafasi ya machozi.

"Aliniambia mmeachana," nikamwambia mke wake. "Ningejua, dada yangu, nisingekanyaga hapa."

"Nakuamini." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Ungekuwa mtu mbaya ungeniacha niungue."

Sikumwambia kwamba nilihesabu mbili.

Nikazima injini, nikakusanya vifaa vyangu, nikapanda juu. Dokta akanifuata mpaka kwenye gati.

"Ningekuambia," akasema.

"Lini?"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Kesho, mezani kwa mama?"

Akageuka kutazama boti. Akanitazama mimi. Akageuka tena.

"Nenda," nikamwambia.

Akaenda. Nilitaka abishe hata kidogo, aseme hapana, anishike mkono nimpige kibao. Akaenda haraka, karibu anakimbia, na hapo ndipo nilipojua nilikuwa nani kwake.

Simu ikaita. Mama.

"Eti, huyo mwenzako anatumia sukari? Shangazi yako anasema madaktari wa meno hawaili."

"Mama, haji."

"Amepata dharura?"

"Ana mke, mama. Nimekutana naye."

Nikasikia mlango ukifungwa, nadhani alikuwa anawakimbia shangazi.

"Ulikuwa unajua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Basi nisikilize. Nitawaambia nimeugua. Nitalala kitandani mpaka kesho jioni, waahirishe wenyewe. Mimi nikiumwa, hakuna atakayeuliza habari zako."

"Mama, wewe husemi uongo."

"Leo nitasema. Wewe njoo unishike kichwa, wakuone unauguza."

Nikakaa chini palepale kwenye mbao za gati, na machozi yote niliyokuwa nayo yakatoka.